Nilisema Sielewi

Mama yangu ana chale za nukta nukta kuzunguka macho yake yote mawili. Alichanjwa akiwa binti kwao Balangdalalu, chini ya Mlima Hanang, na kwa watu wake huo ni urembo. Nilipokuwa darasa la tatu huko Tumati, wenzangu shuleni walimwita Mama Miwani. Siku ya mkutano wa wazazi alikuja amevaa kitenge chake kizuri na bangili zake za shaba, zile zilizojizungusha mkononi kama springi, na mwalimu akaniuliza kama yule ni mama yangu. Nikasema ni jirani, mama amemtuma. Mwalimu alijua nadanganya. Akanitazama, akaendelea na majina mengine.

Baba yangu ni mkulima wa Tumati, mtu wa kanisa, mwenye mahindi, maharage na ng'ombe wachache. Alimkuta mama mnadani alipoteremka Hanang kununua dume, wakaoana, akapanda naye milimani. Mama alijifunza Kiiraqw, lugha ya kwa baba, mpaka majirani wakasahau kwamba hakuzaliwa nacho. Lakini baba akiwa shambani, sisi watoto alituongelesha Kibarbaig. Ndiyo lugha aliyotubembelezea na kutufokea. Mimi nilikuwa naisikia yote. Nilipofika darasa la nne niliacha kumjibu kwa lugha hiyo, nikawa namjibu kwa Kiswahili, na yeye hakunilazimisha.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu nisipoyaeleza, mtu anaweza kudhani kilichotokea India kilinipata ghafla. Hakikunipata ghafla.

Nilikwenda India kwa ufadhili, kusomea tiba ya viungo, kazi ya kuwarudisha watu kwenye kukaa, kusimama na kutembea baada ya ajali au upasuaji. Chuo kilikuwa katika mji mmoja wa kusini wenye joto la kunata. Watanzania tulikuwa wachache na tulishikana sana. Nilikaa chumba kimoja na mwenzangu aliyetoka Dar es Salaam, kijana mchangamfu aliyejua kupika wali wa nazi kwa jiko la umeme lililokatazwa hosteli. Juma la kwanza aliniuliza kwetu ni wapi.

"Arusha," nikasema.

"Arusha mjini?"

"Pembeni kidogo."

Baadaye alipoona kwenye fomu yangu imeandikwa Manyara, alicheka. "Manyara si ndiko kwa Mang'ati? Wale wa mikuki na ngozi?"

Mang'ati ni jina ambalo watu wengine wamewapa Wabarbaig, na wenyewe hawalipendi. Nilimjibu, "Hao wako mbali na sisi." Kisha, ili aamini zaidi, nikamwongezea kichekesho kuhusu Mang'ati aliyeingia benki na ng'ombe wake. Nilikitunga palepale. Alikipenda, akawa ananiomba nikirudie mbele ya wengine, nami nilikirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Mwaka wa mwisho ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali kubwa. Tulivaa makoti meupe ya mikono mifupi na kubeba daftari ambalo msimamizi alilisaini kila jioni. Msimamizi wetu alikuwa mama mfupi mwenye msuko mmoja wa mvi uliofika kiunoni. Hakupenda mzaha. Wagonjwa kutoka Afrika walikuwa wengi, wametumwa kwa rufaa, na kila alipofika Mtanzania msimamizi aliniita mimi au mwenzangu. Nilipenda kazi ile. Niliipenda hasa pale mzee wa Morogoro au mama wa Mtwara aliponisikia nikisema "shikamoo" na uso wake ukalegea.

Asubuhi moja msimamizi alituita sote wawili, akanipa faili. Nikaona imeandikwa Hanang. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo, miguu yake ilikuwa inakufa taratibu, na angefanyiwa upasuaji wiki hiyo. Kazi yetu ilikuwa kumfundisha kabla ya upasuaji namna ya kupumua, kukohoa na kugeuka kitandani, ili akiamka ajue la kufanya.

Tuliingia wodini. Alikuwa amekaa amewekewa mito mgongoni, shuka la bluu mabegani, bangili za shaba mikono yote miwili toka kifundo hadi karibu na kiwiko. Na kuzunguka macho yake, chale za nukta nukta. Kwa kitambo kidogo niliona mama yangu amelazwa India na hakuna aliyeniambia.

Mwenzangu alininong'oneza kwa Kiswahili, "Aisee, huyu Mang'ati kabisa."

Kando ya kitanda alikuwepo mwanawe, mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini hivi, amevaa jaketi zito ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Alipotusikia tukimwamkia mama yake alisimama, akatupa mikono yote miwili.

"Jamani, Kiswahili! Siku nne sijasikia Kiswahili. Kaka, wewe ni mtu wa wapi?"

"Arusha."

"Basi ni jirani kabisa. Mama yangu Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Bei ya mbuzi anajua, sukari anajua. Mambo ya daktari mpaka mimi nimtafsirie."

Msimamizi alikuwa anatusikiliza bila kuelewa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama naijua lugha ya mgonjwa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno moja tu. Mwenzangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu, yule aliyeomba kichekesho cha benki.

"Hapana," nikasema. "Tanzania ina lugha zaidi ya mia. Hiyo ni ya kabila lingine."

"Ni kweli, hata sisi hapa," msimamizi akasema, akaandika kitu kwenye faili.

Siku tatu tulifanya mazoezi kupitia kwa mwanawe. Nikisema "Avute pumzi ndefu," yeye anatafsiri, mama yule anavuta. Kwangu ilikuwa kama kuwa chumba cha pili na kusikia kila kitu kupitia ukuta, maana nilimwelewa kabla mwanawe hajafungua kinywa. Alikuwa mcheshi. Wauguzi hawakujua walivyokuwa wanachambuliwa. Siku ya pili aliingia daktari kijana aliyekuwa na viatu vipya vinavyolia na mwendo wa kurusha miguu, na mama yule akasema kwa Kibarbaig, bila kubadilisha uso, "Angalieni huyu, anatembea kama ndama aliyezaliwa leo asubuhi."

Nikacheka. Ilinitoka. Nikageuza kicheko kuwa kikohozi, nikainama kutafuta kalamu sakafuni. Nilipoinuka, alikuwa ananitazama. Mwanawe hakuona kitu, alikuwa na simu mkononi. Mama yule alinitazama kwa utulivu, kisha akageuza uso dirishani.

Asubuhi ya upasuaji mwanawe aliitwa ofisi ya chini kwa sababu karatasi za rufaa zilikuwa na kasoro, jina moja limeandikwa vingine. Akaenda mbio, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi upesi. Wauguzi wakaja kumwandaa mama yake, na hapo wakaona bangili.

Bangili haziingii chumba cha upasuaji. Walijaribu sabuni, walijaribu mafuta. Zile shaba alivishwa akiwa msichana mwembamba, na mkono ulikuwa umekua ndani yake; hazikuweza kupita kwenye kiganja. Alipoona wanazivuta alirudisha mikono kifuani na kusema hapana kwa lugha tatu: kwa Kibarbaig, kwa Kiswahili, na kwa kutikisa kichwa. Muuguzi mkuu akampigia simu fundi wa matengenezo. Fundi akaja na koleo la kukatia nyaya.

Msimamizi aliniambia, "Mweleze kwa Kiswahili, hata kidogo ataelewa."

Nilisogea. Nikasema, "Mama, wanatoa bangili kwa sababu ya upasuaji. Usiogope." Nilijua kwamba neno upasuaji hajawahi kulisikia mnadani. Nililisema hivyo hivyo.

Sasa lazima niseme jambo ambalo katika chumba kile nililijua mimi peke yangu. Kwa watu wa mama, mwanamke havuliwi shaba zake hivi hivi. Huzivua akifiwa. Bibi yangu alipokufa, nilimwona mama akihangaika na zake chumbani kwa mafuta ya kupikia, baba akimshikia taa, mpaka zikatoka zile zilizoweza kutoka. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka.

Mama yule aliliangalia koleo. Kisha akanitazama mimi, si muuguzi, si fundi. Akaniuliza kwa Kibarbaig, taratibu, kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa:

"Nani amekufa?"

Nikamwangalia fundi.

"Ni mume wangu?"

Mwenzangu alikuwa mlangoni na kitanda cha magurudumu. Msimamizi alikuwa anasubiri. Nilichotakiwa kusema ni kifupi, mtoto wa miaka mitatu angeweza kukisema: hakuna aliyekufa, mama. Maneno yalikuwepo, yamenijaa mdomoni. Nikainamisha macho.

"Mama, sielewi," nikasema kwa Kiswahili.

Halafu akafanya kitu kilichowafurahisha wote chumbani. Akanyoosha mikono yake yote miwili mwenyewe.

"Vizuri sana," muuguzi mkuu akasema. "Ameelewa."

Fundi alikata. Kila shaba ilipokatika ilitoa mlio mfupi, na yeye hakushtuka. Alianza kulia kwa sauti ya chini, ule wimbo usio na maneno mengi ambao mama aliuimba kwa ajili ya bibi. Muuguzi mdogo alimfuta machozi, akaniambia wengi huogopa chumba cha upasuaji. Wakamsukuma akaondoka hivyo, mjane, akilia kuelekea kwenye taa zile kubwa.

Mwanawe alifika baada ya robo saa, jasho linamtiririka.

"Ameshaingia? Alikuwaje?"

"Alitulia," nikamwambia. Nikampa shaba zilizokatwa, zimefungwa kwenye bandeji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alikaa chumba cha uangalizi siku mbili, ambako ndugu huingia dakika chache tu. Mwanawe alipotoka mara ya kwanza alinikuta kwenye korido. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kaka, nani amemwambia mama kwamba mzee amefariki?"

"Mzee gani?"

"Baba yangu! Ananiuliza wamemzikaje bila yeye. Namwambia mzee yuko hai, haamini. Anasema namficha kwa sababu ni mgonjwa."

Na hapa pia nilikuwa na nafasi. Nikamwambia, "Labda ni dawa za usingizi. Huwachanganya watu."

Akanishukuru. Alinishika bega, akasema afadhali nipo mimi wa kumweleza mambo haya ya kitaalamu.

Alipiga simu nyumbani mchana huo, baba yake alikuwa na ng'ombe mahali pasipo na mtandao. Akapiga tena na tena. Kesho yake ndipo jirani alipompelekea mzee simu. Walimruhusu mwanawe aingie nayo, na mimi nilikuwemo ndani, nafanya mazoezi ya vifundo vya miguu kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilimsikia mama yule akimuuliza mumewe, kama kumpima, ng'ombe mwekundu alizaa nini kabla yeye hajasafiri. Sauti ya mzee ikasikika kwenye simu, dume, lina baka jeupe tumboni. Akamuuliza mguu gani ulitangulia. Mzee akamwambia. Hapo ndipo alipofumba macho, akaiweka simu kifuani bila kuikata, na mzee akawa anaita, "Upo? Upo?"

Wauguzi walipiga makofi. Nami nilipiga.

Baada ya hapo tulibaki naye wiki tatu. Miguu iliitikia, kwanza vidole, kisha magoti. Tulimsimamisha kwa mkanda kiunoni na fremu ya chuma mbele yake. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkanda. Siku ya kwanza ya kusimama, mwanawe akiwa amekwenda kununua maji, aliniuliza kwa Kibarbaig bila kugeuza kichwa:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, sielewi."

"Haya," akasema.

Tangu siku hiyo, kila tulipobaki wawili, aliniongelesha. Hakuuliza tena kitu. Alinisimulia mambo tu, kwa sauti ndogo, hatua kwa hatua kwenye korido ile ndefu: kwamba kwao mwaka huu mvua zimechelewa, kwamba chumvi ya ziwani siku hizi si kama ya zamani, kwamba chakula cha hapa kina pilipili ya kuulia chatu. Mimi nilihesabu hatua kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kuondoka alisimama mwenyewe kwenye fremu. Mwanawe alinikumbatia. Yeye alinipa mkono, mkono mtupu wenye ngozi nyeupe nyeupe mahali pa bangili, akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Asante, mtu wa Arusha."

Msimamizi aliandika tathmini yangu mwisho wa mafunzo. Alinisifu katika mambo mengi, na mstari mmoja ulisema ninawasiliana vizuri na wagonjwa, hasa wanaotoka nchini kwangu. Baba aliibandika ile karatasi sebuleni, karibu na picha ya ndoa yao.

Niliporudi Tumati kulikuwa na ibada ya shukrani. Nilisimama mbele, nikasema maneno ya kushukuru, watu wakaitikia. Mama alikaa safu ya wanawake na kitambaa kipya kichwani. Nilimwona anawatazama watu wanavyonitazama.

Siku mbili baadaye tulikuwa jikoni, anapukuchua mahindi. Akaniuliza kwa lugha yake, kama mzaha, "Huko ulikuwa unaongea na nani maneno haya?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwa Kiswahili kama kawaida yangu, nikashindwa. Nikaanza kumsimulia. Nilisimulia kwa Kiswahili maana lugha yake nilikuwa nayo masikioni tu. Hakuacha kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo. Nilipofika kwenye koleo mikono yake ilienda taratibu, lakini haikusimama. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Alipouliza kama mumewe amekufa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Pembeni ya kitanda."

"Karibu kiasi gani?"

"Kama mimi na wewe hapa."

Akaupima ule umbali kwa macho. Akanyanyuka, akachukua ungo, akatoka nje. Hakunisemesha siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu jioni aliweka kitenge chake kwenye mfuko, akasema, "Kesho tunakwenda."

"Mama, hata jina la kitongoji chake silijui."

"Mwanamke aliyepelekwa India akarudi anatembea? Balangdalalu nzima inamjua."

Tulipanda basi hadi Katesh, kisha pikipiki mbili. Mlima ulikuwa umefunikwa kichwa na wingu. Kadiri tulivyozidi kushuka, ndivyo mama alivyobadilika. Pale Katesh aliwasalimia wanawake wawili waliobeba vibuyu, wakamjibu, akacheka nao kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Alikuwa anaongea haraka, anakatizwa, anakatiza. Miaka yote nimemjua kama mtu mpole asiyesema sana. Kumbe hakuwa na wa kusema naye, na mmoja aliyekuwepo alikuwa anamjibu kwa Kiswahili.

Mama alikuwa amesema kweli. Mtu wa kwanza tuliyemuuliza alitunyooshea njia.

Yule mama alikuwa nje ya nyumba yake, ameegemea fimbo, anawafukuza kuku kwenye mtama. Alitembea. Nilimwona kwa mbali akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, nikaona kiuno kinafanya kazi kama tulivyokifundisha, na kwa muda mfupi nilisahau kilichonipeleka. Kando yake alikaa mzee mwembamba kwenye kigoda, blanketi begani. Nilijua ni nani.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," mzee akaitika. Mama yule alinitazama, akasema, "Mtu wa Arusha."

Mama yangu akasogea mbele yangu. "Si wa Arusha," akasema kwa lugha yao. "Ni wangu."

Mama yule alimtazama mama yangu, zile chale, zile shaba. Alimtazama muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Kisha akasema, "Kumbe uko hai."

Mama hakuelewa. Ikabidi yule mama amweleze, wameketi, mimi nimesimama.

"Nilijua anasikia siku aliyomcheka daktari," alisema. "Nikawaza, mtoto anasikia lugha na hataki kuijibu. Nikasema basi aliyemfundisha amekufa, na maneno yanamuuma. Nikamwonea huruma. Ndiyo maana nilikuwa namwongelesha kila siku, asije akaisahau."

Mama yangu alivuta kitenge chake hadi mdomoni. Hakunitazama. Afadhali angenitukana mbele ya watu wale.

Nilipiga goti pale vumbini, nikasema nilichokwenda kusema. Nilikisema kwa Kibarbaig kibovu, nikikosa maneno, nikirudia. Nikasema siku ya bangili niliisikia, nilisikia swali lake lote, na nilijua jibu.

"Najua ulisikia," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ukainamisha macho. Nikasema, huyu kijana anajua na hawezi kutamka. Basi ni kweli."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Miezi yote nilijilaumu kwamba sikumjibu. Kumbe nilimjibu.

Mzee alianza kucheka kwenye kigoda chake. "Ala! Kumbe wewe ndiye uliyeniua!" Alicheka mpaka blanketi likamtoka begani. Mama yule hakucheka naye. Alisubiri amalize.

"Siku mbili nilikuwa mjane," akaniambia. "Umekuja, ni vizuri umekuja. Lakini zile siku mbili nilizikaa. Siwezi kukwambia hazikuwepo."

"Ndiyo, mama."

"Inuka. Magoti yako utayahitaji."

Walitupa maziwa. Mama na yeye waliongea ukoo na ndoa na nani amehamia wapi. Baadaye aliniomba niangalie mgongo wake, kwa sababu akichota maji bado unavuta. Nilimlaza kwenye ngozi, nikakunja mguu mmoja na mwingine, nikamwonyesha zoezi la kuinua kiuno. Sikujua kiuno kinaitwaje kwa Kibarbaig. Nikasema neno nililolikumbuka, na wanawake majirani waliokuja kutusalimia wakaangua kicheko. Sikuambiwa hadi leo nilisema nini. Mama yangu ndiye aliyenipa neno sahihi, kwa sauti kavu, akiangalia pembeni.

Njiani kurudi tulipanda basi Katesh. Ndani ya basi alisema, "Unaongea kama mtoto wa miaka kumi."

"Ndipo nilipoachia."

"Najua ulipoachia," akasema.

Siku hizi nafanya kazi katika hospitali moja mkoani kwetu, na kila baada ya miezi miwili hivi nateremka Balangdalalu kumwangalia. Sijamwambia yule mwenzangu wa hosteli. Ananitumia ujumbe wa utani, mara nyingine anakumbushia kile kichekesho cha benki, nami najibu mambo mengine. Nimeandika barua kwa msimamizi mara mbili na sikuituma. Kwa hiyo nisijifanye nimemaliza.

Nilipokwenda mara ya mwisho sikumkuta. Mzee alikuwa peke yake, akaniambia mkewe ameondoka asubuhi kwenda mnadani, kwa miguu, na fimbo ameiacha. Nilikaa kumsubiri. Mzee aliniuliza kwa Kibarbaig kitu kuhusu nyasi za huko kwetu milimani, nikajibu kisichoeleweka. Akatabasamu, akaliuliza tena swali lile lile, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemvusha mtoto mtoni.